Shangazi Hakutoroka

Mtaani wanamwita Milimita, na siyo kwa sababu ya ufupi. Ni fundi vioo. Akikuambia dirisha lako limezidi milimita moja, usibishane naye, chukua futi upime uaibike mwenyewe. Anakata kioo kama mtu anayekata sabuni: anavuta mstari mmoja, anagonga kidogo kwa chini, ta, vipande viwili, hakuna hata pembe iliyomeguka. Anafanya madirisha, meza, kabati za maduka. Lakini kinachomtia kiburi ni matangi ya samaki. Tangi la Milimita halivuji. Na kifuniko chake, mwenyewe anasema, mende akitaka kuingia inabidi aandike barua.

Sebuleni kwake kulikuwa na tangi alilounda kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu, refu kama kitanda cha mtoto. Humo alifuga mikunga wawili. Kama hujawahi kumwona mkunga, ni samaki, ila kaumbwa kama nyoka aliyenona. Kichwa kidogo, meno ya sindano, na mdomo haupumziki, anaufungua na kuufumba kutwa nzima maana ndivyo anavyopumua. Yule mkubwa, ngozi ya kahawia yenye madoa kama kanyunyiziwa bizari, alimwita Shangazi.

"Mwangalie," alikuwa akiwaambia wageni. "Tangu asubuhi anasema watu."

Mdogo alikuwa Binamu. Huyo tabia yake kung'ata kwanza, halafu ndiyo anaangalia kang'ata nini.

Kuwafuga hawa siyo lelemama, na Milimita alijifunza kwa kufiwa. Mkunga wake wa kwanza alimnunua kwa mchuuzi aliyemwapia kwa jina la mama yake kwamba ni wa maji baridi, maji ya bomba yanatosha kabisa. Mbuzi kwenye gunia. Yule samaki alikula wiki mbili, ya tatu akasusa, ya tano akafa kajikunja kama ndoana. Baadaye mwalimu mmoja wa sayansi, mteja wake wa kabati, ndiye aliyemfungua macho. Hawa wanaishi pale mto unapomwaga baharini, akamwambia, maji hayajawa chumvi kamili wala hayajabaki matamu. Ukimweka kwenye maji ya bomba hafi leo, na huo ndio ubaya wake. Anakufa kidogo kidogo na wewe unadhani anaringa.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ndoo mbili za maji yaliyokorogwa chumvi ya bahari, siyo ile ya jikoni, ile inayouzwa maduka ya samaki. Anatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, anasubiri kisimame kwenye mstari wake, ndiyo anamimina. Na aliyekuwa anambebea ndoo ni mdogo wake wa tumbo moja.

Huyo mdogo wake mtaa ulimwita Leseni. Alikuwa na leseni ya udereva ya malori makubwa, ina mwaka wa tatu, na gari la kuendesha hana. Akilala kwenye kochi la kaka yake, akila sahani ya kaka yake, akivaa hata soksi za kaka yake. Milimita hakuwahi kumhesabia. Alimfundisha kulisha mikunga kwa koleo refu, kwa sababu wale wanaona vibaya, wananusa tu, na kidole kwao ni nyama kama nyama nyingine. Alimfundisha na namna ya kumhamisha Shangazi bila vita: kutwa kucha alikuwa analala ndani ya bomba la plastiki, basi unaziba pande mbili kwa matambara, unanyanyua bomba lote na yeye ndani, kama unabeba mkeka.

"Hii umeijua wewe na mimi tu," alimwambia.

Mama yao aliishi nao hapohapo. Yeye mikunga hakuwapenda, aliwaita nyoka wa mwanangu, lakini Milimita akisafiri alikuwa anawawashia taa yao.

Sasa, kuna kazi ya madirisha ilitokea mji mwingine, siku mbili. Milimita akaenda. Siku ya pili mchana simu, mama.

"Mwanangu, rudi. Nyoka wako mkubwa katoka."

"Katoka wapi, mama? Kifuniko kimefungwa."

"Nakuambia hayumo. Na kibanio kimoja kiko wazi."

Vibanio vilikuwa vinne, kimoja kila kona. Milimita alikiona kile kibanio kabla hajafika. Njia nzima anajiuliza: nilikifunga, sikukifunga? Mkunga akipata upenyo wa vidole viwili anapita, hilo analijua hata aliye usingizini. Akifika sakafuni anatambaa mpaka mahali pa giza, anakauka kama mkanda.

Alifika na begi begani, akapiga magoti palepale. Walihamisha kabati. Walihamisha kochi. Leseni ndiye aliyenyanyua upande mzito, jasho linamtoka, anasema, "Taratibu kaka, asije kuwa chini tukamkanyaga." Mama alishika tochi. Kila Milimita alipoingiza mkono uvunguni, mama alimmulikia, anasogea naye magoti kwa magoti, "Pole mwanangu, pole, angalia na pale kwenye kona." Walitafuta siku ile, na kesho yake, na keshokutwa akabaki peke yake, ananusa pembe za nyumba kama paka. Hakuna hata alama ya ute.

Kilichomuuma siyo samaki peke yake. Miaka minne anawaambia watu kifuniko chake hakina mfano, halafu kifuniko chake mwenyewe, ndani ya nyumba yake, kwa mkono wake mwenyewe. Aliacha kujiamini. Alizunguka kwa wateja wote wa matangi, nyumba kwa nyumba, akawaongezea vibanio bure. Mmoja akamuuliza, "Fundi, kwani vyangu vina kasoro?" Akajibu, "Kasoro ninayo mimi." Akikata kioo anapima mara tatu, mara nne, mpaka mteja anapiga miayo. Leseni akamtania, "Kaka, siku hizi wewe siyo Milimita, wewe ni Nusu Saa." Wote wakacheka, na Milimita naye akacheka.

Wiki iliyofuata Leseni akapata kazi. Dereva, kampuni ya malori, kwa mzee mmoja mwenye yadi kubwa nyuma ya soko la mbao. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Milimita alimnunulia mdogo wake viatu, vya ngozi, maana dereva wa heshima haendi kazini na ndala.

Ukapita mwezi na nusu. Siku moja simu ya mtu asiyemjua: karani wa kike, sauti ya haraka haraka. Jiwe limeruka kwenye tairi la lori limepasua dirisha la ofisi, kapewa namba na mwenye duka la rangi, anaweza kuja leo? Alipotajiwa yadi nyuma ya soko la mbao, Milimita alifurahi. Akasema moyoni, leo nitamwona dogo akiwa kazini.

Ofisi ya yule mzee ilikuwa na meza pana, kalenda tatu za mwaka uleule, na kando ya ukuta, juu ya kimeza kifupi, tangi la samaki la dukani, jembamba, kona zimepakwa gundi ya silikoni kama mtoto kapaka uji. Milimita alilitazama kwa dharau ya fundi. Ndani samaki wadogo wekundu wanne, majani ya plastiki, sanduku la hazina la plastiki. Na nyuma ya sanduku, bomba.

Alilijua lile bomba. Alilikata mwenyewe, akalisugua mdomo kwa msasa lisimchubue Shangazi.

Alichuchumaa. Ndani ya bomba kichwa kilikuwa kinafungua na kufumba mdomo, polepole, kama mtu aliyesahau alikuwa anasema nini. Shangazi alikuwa kabaki ngozi. Madoa yake ya bizari yamepauka, mgongoni kuna utando mweupe. Milimita alinyanyua kifuniko, akachovya kidole, akakilamba.

Matamu. Maji ya bomba, matamu kabisa.

"Unapenda samaki, fundi?" Yule mzee alikuwa kaingia, mtu wa tumbo na tabasamu, tasbihi ya funguo kiunoni. "Huyo mrefu ni zawadi. Kijana wangu mmoja alikuja kuomba kazi, wenzake wanakuja na bahasha za vyeti, yeye kaja na ndoo. Nikasema, huyu mtu ana akili ya tofauti."

"Alikuambia anakaa maji gani?"

"Baridi. Haya haya. Lakini naona siku hizi ananiringia, chakula hagusi." Akageukia dirisha lililopasuka, akaita, "We dereva, hebu njoo."

Leseni akaingia. Viatu vya ngozi, shati limepigwa pasi, funguo za lori mkononi. Alimwona kaka yake kachuchumaa mbele ya tangi, kidole bado kimelowa. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hapo ndipo Milimita alipojua kwamba mdogo wake hajui kuendesha malori tu.

"Fundi anauliza habari za samaki wako," yule mzee akasema. "Mnajuana?"

"Namwonaga mtaani," Leseni akajibu. "Ni fundi mzuri."

Milimita ana hasira za karibu, kila mtu anajua. Aliwahi kumvunjia mteja meza ya kioo aliyomtengenezea mwenyewe kwa sababu mteja alimwita mwizi. Siku ile mkono ulikuwa umeshafunga ngumi. Lakini akamtazama Shangazi. Akianzisha vita hapa, watatolewa nje wote wawili na samaki atabaki palepale kwenye maji ya bomba. Akaifungua ngumi, kidole kimoja kimoja.

"Mzee," akasema, "huyu haringi. Huyu anakufa. Anataka chumvi, na chumvi yenyewe haimwagwi kama unaunga mboga, inapandishwa kidogo kidogo. Hapa hamalizi wiki."

"Unaweza kumtibu?"

"Naweza. Kwangu."

"Basi mchukue umtibu, akipona unirudishie, nimeshamzoea. Dereva, mpeleke fundi na pikapu ndogo. Si mtaa wenu mmoja?"

Ndivyo Milimita alivyoondoka na samaki wake mwenyewe kama mganga aliyekodiwa, ndoo katikati ya miguu, bomba limezibwa matambara pande zote mbili, na aliyemwibia ndiye anaendesha.

Walipita taa za kwanza za barabarani. Wakapita za pili. Leseni akaanza yeye.

"Kaka, sikia."

"Endesha."

"Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Lini? Tulivyonyanyua kabati, au tulivyonyanyua kochi?"

Leseni akabadilisha gia bila sababu. "Miaka mitatu kaka. Ofisi ngapi nimeingia, wananiambia acha namba. Nikasikia huyu mzee anapenda samaki wa ajabu. Wewe una wawili. Nikasema mmoja tu, kaka atapata mwingine."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Kwa kweli asingempa, na hilo lilimzidishia Milimita hasira. "Na maji?" akauliza. "Ulibeba ndoo za chumvi kila Jumamosi. Unajua. Kwa nini ulimwambia maji baridi?"

"Ningemwambia habari za chumvi, vipimo, ndoo, angekataa. Mtu humpi zawadi yenye kazi."

"Kwa hiyo ulijua atakufa."

"Nilisema akifa atakuwa kafia kwake."

Lori moja la yadi yao liliwapita, dereva akapiga honi kumsalimia Leseni, naye akanyanyua mkono akatabasamu kama kawaida. Milimita aliuangalia ule mkono. Halafu akauliza swali ambalo hakutaka jibu lake.

"Ukiziba bomba, unahitaji mtu wa pili wa kukushikia ndoo. Nani alishika?"

Leseni akawasha taa ya kukata kona ya kwao.

"Nani alishika ndoo?"

"Mama."

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Aliona pikapu, akaona ndoo, akaona bomba. Akaweka ungo chini. Mtu mwenye siri akishikwa huanza na maneno mengi, lakini yeye alianza na moja.

"Kumbe."

Milimita alimpita. Alitafuta pipa la plastiki, akalijaza maji ya bomba, akakoroga chumvi ya kuonja tu, akatumbukiza kipimo. Akafunga pampu ya hewa, akamshusha Shangazi na bomba lake. Alizama chini kama gogo. Mama alikuwa kasimama mlangoni na Leseni nyuma yake, na ilikuwa kawaida yao kusimama hivyo, mmoja nyuma ya mwenzake, ila Milimita hakuwahi kuiona mpaka siku ile.

"Mwanangu, ni ndugu yako," mama akasema. "Alikuwa anapotea. Wewe mkono wako una kazi, hata ukitupwa jangwani utakuta kioo ukikate. Yeye ana nini?"

"Ana mimi. Alikuwa na mimi."

"Basi ndiyo hivyo, amesaidiwa na wewe."

"Sijamsaidia, mama. Nimeibiwa."

"Samaki tu, baba. Utagombana na nyumba nzima kwa ajili ya samaki?"

"Samaki siyo kitu," Milimita akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka mama akasogea ili asikie. "Ningesikia mmemchukua, ningepiga kelele siku tatu, ingekwisha. Lakini nilikuwa nimelala kifudifudi hapa sakafuni, na wewe unanimulikia. Ulikuwa unajua hayupo, na bado unaniambia angalia na pale kwenye kona. Mwezi na nusu natembea kwa watu nawaambia kazi yangu mbovu. Umenisikia kila siku. Hukuona huruma hata ya kuniambia, mwanangu, kibanio ulikifunga?"

Mama akageuka kuelekea jikoni. Alisema chai ipo. Milimita akasema hanywi.

Kila siku aliongeza chumvi kijiko kwa kijiko. Siku ya nne utando mweupe ulianza kubanduka. Siku ya saba Shangazi akatoa kichwa. Siku ya kumi na moja, asubuhi, Milimita alishusha kipande cha ngisi kwa koleo, kama alivyofanya kila siku bila majibu. Kichwa kikanyooka, pua zikacheza, na koleo likavutwa kwa nguvu mpaka likamgonga kifundo cha mkono. Amekula. Mdomo wa Milimita ulifunguka kuita, na mtu aliyezoea kumwita kwa jambo kama hili yuko mita tano tu, kwenye kochi, anafunga kamba za viatu.

Akaufunga mdomo.

Simu ya Leseni ikalia. "Ndiyo mzee... Sijui, nipo karibu naye... Ngoja nimuulize." Akafunika simu kwa kiganja. Siku zote kumi na moja hawajasemezana. "Kaka, bosi anauliza samaki amepona? Anataka nimpeleke leo. Nakuomba. Ukimnyima atauliza kwa nini, na nitasema nini? Nina miezi mitatu ya majaribio pale, haijaisha. Mwambie hata amekufa. Mwambie amekufa, yaishe, ubaki naye."

Mama alikuwa katoka jikoni, mikono ina unga. "Hilo ni jema," akasema. "Kila mtu anabaki na chake. Mwambie hivyo, baba."

Milimita aliwatazama. Walikuwa wanamwalika aingie kwenye uongo wao, apewe nafasi yake, kama mtu anayesogezewa kiti. Akanyoosha mkono. Leseni akampa simu, uso umeanza kupata nuru.

"Mzee, shikamoo. Ndiyo, ni fundi. Amepona, amekula sasa hivi. Lakini harudi. Ni samaki wangu, aliibwa kwangu, kwenye tangi langu, nikiwa safarini. Dirisha lako najua bado, kioo chake nitakuja kukiweka kesho. Hayo mengine muulize dereva wako, huyu hapa."

Akarudisha simu. Leseni aliishika kama kitu cha moto, akaiweka sikioni, akasikiliza muda mrefu, akasema ndiyo mzee mara nne. Halafu akatoka.

Alirudi saa nane mchana kwa miguu, funguo hana. Akakaa kibarazani, akavua viatu vya ngozi, akavipanga pamoja. Mama alimpelekea sahani pale pale alipokaa, akakaa naye, akimwondolea vumbi mgongoni. Milimita alipita katikati yao kwenda kununua chakula mtaani, na hakuna aliyenyanyua macho. Jioni majirani walikuwa wameshajua: fundi kamfukuzisha kazi mdogo wake kwa ajili ya nyoka. Hakuna aliyesimulia habari za tochi.

Hakuhama. Nyumba analipia yeye, na mama ni mama, humtupi kama kioo kilichopasuka. Lakini tangi alilitoa sebuleni, akalihamishia chumbani kwake na mikunga wote wawili, akafunga mlango kwa kufuli la shaba, ufunguo anao shingoni. Chumbani humo kuna kabati la nguo za familia nzima, kwa hiyo Jumapili asubuhi mama akitaka kanga yake ya kutokea, inabidi abishe.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Pampu inaguruma.

"Mama yako."

"Subiri," Milimita anasema. Anamaliza kwanza kufunga kifuniko.